Picha Isiyokatwa Kingo

Mpiga picha aliyerudi Koboko hakutaka kumpiga mtu picha. Alitaka kuonyeshwa za zamani.

Hilo lilimtia Mariam Poni hofu. Mwaka ulikuwa 1987, watu ndiyo kwanza wamerudi kutoka ukimbizini Sudani, na wenye akili walishachoma kila picha yenye sare ya jeshi la serikali iliyoangushwa. Sasa anakuja huyu Amandu, mtu wa Awindiri kule Arua, ambaye kabla ya vita aliwapiga picha karibu askari wote wa Koboko. Nani angejua zaidi yake nyumba ipi imeficha nini?

"Jana alifika kwangu," jirani yake Santina alimwambia. "Mimi naonyesha yeye picha ya kaka yangu. Hata haangalii uso! Anaangalia pembeni tu, na kioo ya kukuza. Halafu yeye nafungua kitabu yake."

"Anatafuta bunduki," alisema Mariam. "Hiyo mutu imetumwa."

Mariam naye alikuwa na picha. Alishindwa kuichoma. Ilikaa ndani ya kopo la maziwa, chini ya figa la jikoni: mumewe Lokule, koplo, amesimama mbele ya shuka la maua ambalo Amandu alikuwa akizunguka nalo kwenye baiskeli. Aliikumbuka siku ile. Upepo ulivuma hata kofia za watu zikaruka, lakini shuka lilinyooka kama ukuta. Picha ziliposafishwa, Lokule aliichukua yake kabla haijakatwa kingo, kwa sababu lori la kambini lilikuwa linapiga honi. Alimwachia Mariam picha, akaenda, hakurudi tena.

Sasa unyevu ulikuwa umekula picha mpaka begani. Masika mengine yangefika usoni. Ilitakiwa kunakiliwa upesi, na mtu pekee wa kuinakili ndiye huyo anayemwogopa. Mariam alikasirika mpaka akalia.

Alhamisi, Amandu alifika mwenyewe, nywele zote mvi.

"Mama Poni, bwana yako alichukua picha mbele sijakata. Iko?"

"Haiko."

"Nimeingia nyumba kumi na saba, mama. Naomba."

Picha moja kati ya mamia, na bado anaikumbuka! Lakini uso wa Lokule ulikuwa unaoza kule chini ya figa. Aliingia ndani, akatoka na kopo mkono mmoja, panga mkono wa pili.

"Utatoa kopi ya uso yake. Hapa, mbele ya macho yangu."

Amandu aliiweka picha juu ya kigoda, juani. Aliinama na kamera, akasogea kushoto, akasogea tena. Mariam alifuata lenzi kwa macho. Haikuwa juu ya Lokule hata kidogo.

"Bwana yangu iko katikati! Wewe natafuta nini kule pembeni?"

"Kwanza pembeni, mama. Halafu katikati."

Hapo uvumilivu ulimwisha Mariam. Alinyakua picha, akalinyakua na daftari lililochomoza kwenye mfuko wa koti la Amandu. Alilifungua akitegemea kukuta majina ya watu, la kwake likiwa la kwanza.

Hapakuwa na jina hata moja. Ukurasa mmoja tu ndio uliotumika, umebandikwa vipande vyembamba vilivyonakiliwa pembeni mwa picha, kila kimoja mahali pake. Vidole vinne vilivyokamata kitambaa chenye maua. Kiwiko. Ncha ya kilemba. Sikio lenye hereni. Katikati pameachwa nafasi wazi, ukubwa wa kidole gumba.

Mariam aliigeukia picha yake mwenyewe. Miaka yote alikuwa akimtazama Lokule tu. Pembeni kabisa, pale shuka linapoishia, alisimama mwanamke mwenye hereni, amelikaza shuka kwa mikono miwili dhidi ya upepo, anacheka.

"Bibi yangu ya ndoa," alisema Amandu. "Alikufa njia ya Zaire. Kila picha, mimi ndiyo nilikata yeye."