Nungunungu na Gunia la Lumbesa

Mwaka mmoja wanyama wakulima wa mtama walichoshwa na lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kichwa lakini linalipwa bei ya gunia moja, wakaunda chama. Kanga akawa mwenyekiti. Nungunungu peke yake alikataa kujiunga.

“Mama,” akamwambia Kanga, “mimi nina akili zangu. Siitishi kikao ndipo niuze.”

Siku ya mauzo wanachama walifungia mtama wao ghalani, wakakataa kuuza kwa lumbesa. Wa Nungunungu ulikuwa bado umeanikwa uwanjani, na wingu jeusi lilikuwa linakuja. Nyegere mnunuzi akamwendea moja kwa moja.

“Shindilia.”

Nungunungu akashindilia.

“Tena. Ongeza kichwa.”

“Mzee, hili sasa ni magunia mawili!”

“Basi iuzie mvua.”

Radi ikapiga. Nungunungu akawageukia majirani waliokuwa wakimtazama. “Mama Kanga! Bado mnaandikisha?”

“Tunaandikisha. Lakini kwanza tubebe.”

Wakabeba wote, mbio, mpaka punje ya mwisho ikaingia ghalani. Mvua ikalinyeshea lori tupu la Nyegere.

“Haya,” akanung’unika, “nipeni kwa gunia la kawaida.”

Nungunungu akafungua mdomo kukubali. Kanga akamziba kwa bawa.

“Tulia, mwanachama. Tunamjibu sote.”