Siku ya Kumpa Mtoto Jina

"Taja jina, mwanangu, uji unapoa!" mama mkwe alinitania, na wanawake majirani wa hapa Masii waliojaa sebuleni wakacheka. Jina wote walilijua. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba, Ndunda.

Babu huyo alikufa akiwa amefungwa kamba kitandani, akigombana na watu wasioonekana.

Mume wangu hakuwa ameketi tangu asubuhi. Alikuwa akibandua rangi ya mlango kwa kucha, mpaka zikatoa damu. Akaja, akainama sikioni mwangu.

"Mpe jina lingine, tafadhali. Hao watu wa baba, mimi pia nimeanza kuwasikia."

Mama mkwe alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Ndunda," nilisema kwa sauti, nikampita mama mkwe, nikamweka mtoto mikononi mwa baba yake, apate mtu wa kweli wa kumsikiliza.