Treni ya Mama Mkwe

Treni ilianza kusogea Selpha akiwa bado ndani, akipanga mizigo ya mama mkwe wake chini ya kiti.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa nje, kwenye stesheni ya Kiganjo, akibishana na muuza ndizi. Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa kwa Selpha na mumewe kule mtaa wa Skuta, akimfundisha upya kupika, kufagia na hata kukohoa. Leo hatimaye alikuwa akienda Ruiru kwa mwanawe wa pili, yule anayepanda treni ya wafanyakazi kila asubuhi kwenda kazini Nairobi.

"Wee Selpha, shuka!" alipiga kelele, akikimbia na ndizi kifuani. "Hiyo ni treni yangu!"

Treni ilikwenda polepole, hata mjamzito angeweza kushuka. Selpha alishika chuma cha mlangoni, baridi na chenye umande, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Hapo akamkumbuka mumewe, ambaye kila akilalamikiwa hujibu, "Lakini mama hana neno."

Akaurudisha mguu ndani.

"Sikusikii, mama!" aliita, akipunga mkono kwa furaha. "Mwambie mwanao wa kule Skuta nimekutangulia Ruiru!"