Mabanda Nyuma ya Uwanja

Kwa mara ya tatu, ramani ya kisiwa aliyoichora Muhonja kutoka picha za setilaiti ilirudishwa pale ofisini Buruburu.

"Dada, futa hayo mabanda," msimamizi alisema, akimsogezea chai. "Mteja anataka uwanja wa ndege za jeshi tu. Kwingine kote ni jangwa."

Muhonja aliikuza picha kwa hasira. Mabati yenye kutu, na kamba ya nguo.

"Jangwa linaanika nguo?"

"Ukikataa, kazi atapewa mwingine."

Kwao Mathare, mtaa wa mabanda, pia ramani iliachwa tupu. Ambulensi iliyoitiwa mamake ilizunguka mchana kutwa bila kuuona mlango wao.

Aligusa kitufe cha kufuta, bila kukibonyeza. Kisha akaona banda moja alilokuwa amelisahau, akalichora.