Kazi Ngumu ya Kuwa Mpumbavu

Firmin Escoubas alikuwa ameketi na chupi tu mbele ya daktari wa timu ya raga, akijitahidi kwa nguvu zake zote kuwa mpumbavu.

Ni kazi ngumu, tusiidharau. Dokta Barthe alikuwa amemsomea maneno matano, naye ilimpasa ayarudie. Firmin aliyakumbuka yote. Akakodolea dari macho, akakuna kidevu, akatoa mawili tu. Akaambiwa ataje miezi kinyumenyume. Akairuka Septemba kama mtu anayeruka dimbwi. Akaambiwa asimame kwa mguu mmoja, akaangukia mizani.

"Wewe ni mzima kweli?" Dokta aliuliza huku akiingiza alama kwenye kompyuta.

"Ndivyo nilivyozaliwa, Dokta. Muulize mama."

Nje, kwenye korido ya uwanja wa Castelbrac, Zurab alikuwa akisubiri zamu yake. Zurab alikuwa Mjojia mwenye shingo nene kuliko paja la binadamu wa kawaida, na kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana vichwa chini, alisukuma bega kwa bega na Firmin.

"Sikiliza, kaka," Firmin alimnong'oneza. "Mtihani huu wa Julai ndio kipimo cha mwaka mzima. Ukigongwa kichwa kwenye mechi, wanakupima tena, wanalinganisha na leo. Alama zikishuka, unakaa nje wiki kadhaa. Sasa leo ukijifanya bongo lala, zitashukia wapi?"

Zurab alifikiri kwa kitambo. "Mimi hata sihitaji kujifanya," akasema kwa huzuni.

Firmin hakuwa na nafasi ya kukaa nje. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye raga ya daraja la pili, ile ya mabasi ya usiku kucha na matope hadi kwenye meno. Msimu huu klabu kubwa ya daraja la kwanza ilikuwa imemtumia ujumbe: cheza hadi mwisho, ukimaliza mzima, Juni unasaini. Tangu Castelbrac iwe Castelbrac, hakuna mtu wake aliyewahi kuitwa huko.

Akacheza. Oktoba goti la mtu lilimpata sikioni. Akatolewa, akapimwa, akarudishwa uwanjani huku mashabiki wakipuliza tarumbeta. Desemba, kwenye barafu, akagongwa tena. Januari tena, na tena. Kila mara Dokta Barthe alitazama kompyuta, akainua kidole gumba. Kila mara Firmin alicheka kimoyomoyo.

"Hilo fuvu wamelimwagia zege!" rais wa klabu, mfuga bata mashuhuri, alijigamba mezani huku akimwongezea maharagwe na paja la bata.

Na vituko vya Firmin vikazidi kunoga. Februari, wakati wa mapumziko ya mechi, aliingia chumba cha kubadilishia nguo cha timu pinzani, akaketi katikati yao, akaanza kufunga kamba za viatu. Walipoangua kicheko, akasimama, akainama kwa heshima, akatoka. Mji mzima ulisimulia jambo hilo. Machi alimwita kocha kwa jina la kocha aliyefukuzwa zamani, kikao kizima, bila kutabasamu hata kidogo.

"Huyu jamaa ni shetani!" Zurab alicheka hadi machozi yakamtoka. "Uso mkavu kabisa!"

Aprili akaweka funguo za gari kwenye friji, na siagi mfukoni.

Maylis, mkewe, ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aliikwangua ile siagi kwa kijiko, akailoweka suruali.

"Utani wako umeanza kunichosha, Firmin."

"Nivumilie hadi Juni, mpenzi. Juni nitakuwa mtu mwenye akili zake."

Juni ikafika. Castelbrac iliponea chupuchupu kushuka daraja, watu wakasherehekea hadi wakalala kwenye chemchemi ya uwanja wa kanisa, na klabu kubwa ikapiga simu. Mpimeni kichwa upya, wakasema, mtuletee alama, sisi tunaandaa kalamu.

Hapo Firmin akakata shauri. Wakubwa hawakutaka habari za kulinganisha. Walitaka kuona bongo lenyewe lilivyo. Upumbavu ulikuwa umemtumikia vyema msimu mzima, na sasa ulistahili kustaafu kwa heshima zote. Wakiuliza kuhusu Julai, angewaambia alikuwa ametoka kwenye sherehe za fahali na divai ilikuwa haijamtoka kichwani. Akalala mapema. Akakataa hata glasi ya rais. Asubuhi akachana nywele, jambo lililomshtua Maylis kuliko yote.

Akaketi mbele ya Dokta Barthe, mgongo wima. Dokta akasoma maneno. Firmin akarudia polepole, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo. Akataja miezi kinyumenyume bila kusita. Akasimama kwa mguu mmoja, ameuma meno, hadi Dokta alipomshika mkono na kumwambia basi. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alipomaliza jasho lilikuwa likimtiririka, na moyo wake ulikuwa mwepesi: tangu shule ya msingi hakuwahi kufanya mtihani vizuri namna ile.

"Haya, Dokta, nipe. Usinifiche."

"Nikufiche nini?" Dokta Barthe aligeuza kompyuta, uso umemng'aa, akainua kidole gumba. "Hongera, mwanangu! Msimu mzima wanakutwanga, na hujapoteza hata nukta moja. Alama zako ni zilezile za Julai."