Kinu Kilichokuwa Garini

Kinu kilikuwa kwenye buti la gari tangu Jumatatu. Ijumaa jioni meneja wa majengo akabisha hodi na kumwambia Bupe aache kutwanga karanga.

"Sijatwanga. Njoo uone." Bupe akamwonyesha kona ya jiko. Palikuwa na mfuko wa viazi tu.

"Leo mchana nimesimama kwenye ngazi, nimesikia mwenyewe."

"Mchana nilikuwa kazini."

"Basi kuna mtu anakutwangia. Nilikuonya Jumatatu, majirani walipolalamika. Nikisikia tena, mwisho wa mwezi mnahama."

Bupe alibaki ameshika mlango. Nyumba hii ya ghorofa katika mji wa Laurel, huku ughaibuni, waliitafuta mwaka mzima. Treni ya mumewe ilikuwa karibu, na binti yao Violet ndiyo kwanza amepata marafiki shuleni. Yote hayo yaende kwa sababu ya karanga?

Kinu alikitoa kwao Tukuyu, kimefungwa kwa kanga, kikala karibu uzito wote wa mzigo ulioruhusiwa kwenye ndege. Mashine ya umeme anayo, lakini anasema inageuza karanga kuwa tope. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa hutwanga, na kila akitwanga, Mwingereza wa ghorofa ya chini hugonga dari kwa fagio. Ko, ko, ko. Bupe naye huongeza kasi, makusudi.

"Ni yule wa chini amenisemea," akamwambia mumewe, Cosmas.

"Bwana Harwood? Mama Violet, yule ni mtu mkubwa. Alitunga nyimbo, akatengeneza rekodi za waimbaji wa London. Ule wimbo wa kwenye harusi yetu ni wake."

"Upi?"

"Ule tuliocheza ukanikanyaga kidole."

"Mtu mkubwa anafanya nini Laurel?"

"Mkewe ni wa huku. Na tangu miaka ya themanini hajapata wimbo mwingine uliovuma. Tulikutana kwenye mashine za kufulia, akaniambia kampuni ya muziki imempa nafasi moja ya mwisho ya kutoa wimbo."

"Ndiyo maana anamalizia hasira kwangu."

"Nenda kamwombe radhi, yaishe."

"Radhi ya nini, Baba Violet? Kinu kiko garini!"

Akachukua funguo za gari, akashuka. Cosmas alipochungulia dirishani, mkewe alikuwa anafunga buti, mchi mkononi.

"Mama Violet! Unakwenda kumpiga mzungu?"

"Nakwenda kumwonyesha. Aushike mwenyewe aone ulivyokauka. Mchi uliotwanga karanga leo ungekuwa na mafuta."

Akabisha mlango wa Bwana Harwood mara tatu. Hotuba ilikuwa tayari kichwani, kwa Kiingereza, na neno "uongo" limo mara mbili.

Mlango ukafunguka. Bwana Harwood alikuwa hajanyoa wiki nzima, na vifaa vya kusikilizia muziki vilining'inia shingoni. Nyuma yake, kutoka kwenye spika mbili ndefu, ilisikika sauti ya mchi wa Bupe ukitwanga karanga, ile ile ya Jumapili, na juu yake mwanamke alikuwa anaimba.

Mzee hakumtazama usoni. Aliutazama mchi.

"Afadhali umeuleta," akasema, akimpisha apite. "Jumapili nilikuwa nakurekodi, nimekugongea weee upunguze mwendo, wewe unazidi kukimbia."