Mtu wa Kuulizwa

Agizo lilikuwa fupi: maelezo yote ambayo waandishi wameyaacha ndani ya programu yaandikwe kwa mtindo mmoja, ili kompyuta iyakusanye yenyewe na kutoa kitabu cha mwongozo. Kila kipande kiseme kinafanya nini, kinapokea nini, kinarudisha nini. Mengine yafutwe.

Salha alifuta tangu asubuhi, mpaka akafika kwenye kipande cha Mahfudhi, mwenzao waliyemzika mwezi uliopita. Juu ya kipande hicho marehemu alikuwa ameandika:

"Salha dada yangu, hapa usipaguse kabla hujanywa chai. Mimi nilipagusa na njaa, nikajuta siku mbili."

Akacheka, kisha akayasoma tena.

"Umefika wapi?" akauliza Bi Tunu, mkuu wao.

"Kwa Mahfudhi."

"Kitabu ni cha wageni, mwanangu. Hawamjui."

Salha akafuta. Akajaza kinachofanywa, kinachopokelewa, kinachorudishwa. Ikabaki nafasi ya mwisho: jina la mtu wa kuulizwa pakiharibika kitu. Akaandika Mahfudhi. Kompyuta ikakataa, jina hilo halimo kwenye orodha ya wafanyakazi.

Akaliandika tena, taratibu, kana kwamba mara ya kwanza alikosea herufi.